Makazi nafuu jijini Arua: fedha za umma hufika wapi, na mpangaji analindwa na nini?

Katika jiji la Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kuna kata iitwayo Pangisha. Ipo upande wa Oli, jirani na kata za Kenya na Tanganyika, na jina lake halihitaji tafsiri kwa msemaji wa Kiswahili. Katika mitaa ya upande huo, chumba kimoja cha kupanga ndiyo nyumba ya familia nyingi: wachuuzi wa soko, waendesha bodaboda, wajane wanaouza mihogo, vijana waliokuja kusoma, na wakimbizi waliovuka mpaka kutoka Sudan Kusini na Kongo.

Arua ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020. Tangu hapo barabara zimewekwa lami, soko kuu jipya limefunguliwa na umeme wa gridi ya taifa umefika. Hata hivyo, swali la msingi la mkazi wa kipato cha chini halijajibiwa: katika fedha zote za umma zinazoingia jijini, ni kiasi gani kinachomsaidia kupata pa kulala kwa bei anayoimudu? Makala haya yanaeleza sera ya makazi ya Uganda inasema nini, fedha zinapita njia zipi, na ni haki gani ambazo mpangaji anazo leo, hata kabla nyumba mpya haijajengwa.

Mambo muhimu

• Serikali ya Uganda iliacha kazi ya kuwajengea wananchi nyumba mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tangu wakati huo hujenga miundombinu na kuweka kanuni.

• Arua imepata fedha nyingi za barabara, mitaro na taa za mitaani, lakini haina mfuko wa umma wa nyumba za bei nafuu.

• Wakimbizi wanaoishi mjini huongeza mahitaji ya nyumba, lakini kwa muda mrefu hawakuingia katika hesabu inayotumika kugawa ruzuku.

• Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 inaweka ukomo wa asilimia 10 kwa mwaka katika upandishaji wa kodi ya pango, na inakataza kumfukuza mpangaji bila amri ya mahakama.

Jiji lililopanuka kwa siku moja

Mji wa Arua ulianza kukua mwaka 1914, pale eneo la West Nile lilipoingizwa Uganda baada ya kupita mikononi mwa Wabelgiji na kisha Sudan. Serikali ya kikoloni ilifanya hapa makao makuu ya wilaya. Kama ilivyokuwa katika miji mingine ya enzi hiyo, watu walipangiwa sehemu zao za kukaa, na majina yamebaki kuwa ushahidi: Bazaar kwa wafanyabiashara, na upande wa Oli kwa Waafrika wa mjini, wakiwamo Wanubi na Waislamu wengine ambao waliifanya lugha ya Kiswahili isikike hadi leo karibu na Kilugbara na Kinubi.

Hadi mwaka 2020, manispaa ya Arua ilikuwa na divisheni mbili ndogo, Arua Hill na Mto Oli. Mji ulipofanywa jiji, divisheni hizo ziliunganishwa kuwa Divisheni ya Kati, na kaunti nzima ya Ayivu ikaongezwa kuwa divisheni ya pili. Maeneo kama Adumi, Dadamu, Oluko, Manibe na Pajulu, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa mashamba na maboma ya koo, yakawa ghafla ndani ya jiji.

Jambo hili lina maana kubwa kwa makazi. Jiji lilipata ardhi ya kupanukia, jambo ambalo Kampala hailioti tena. Lakini ardhi hiyo haikuwa imepimwa, haikuwa na barabara wala mabomba, na haikuwa mali ya jiji. Ilikuwa, na bado ni, ardhi ya kimila. Uamuzi wa nani auze, kwa nani na kwa kipande cha ukubwa gani unafanywa na familia na koo, si na ofisi ya mipangomiji.

Serikali iliachaje kujenga nyumba?

Baada ya uhuru, Uganda ilifuata njia iliyofuatwa na Kenya na Tanzania: kuunda shirika la umma la kujenga nyumba. Shirika la Taifa la Nyumba lilianzishwa mwaka 1964, na miaka mitatu baadaye ikaundwa kampuni ya mikopo ya nyumba ambayo leo ni benki ya Housing Finance. Majengo ya shirika hilo yanayojulikana zaidi, kama yale ya Bugolobi, Bukoto na Wandegeya, yako Kampala. Mikoani, nyumba za umma zilikuwa hasa za watumishi wa serikali: maofisa wa wilaya, polisi, walimu na wauguzi.

Mwaka 1992 serikali ilipitisha Mkakati wa Taifa wa Makazi uliobadilisha mwelekeo. Chini ya mkakati huo, kazi ya serikali ilikuwa kuweka mazingira ya watu binafsi kujenga, yaani kupima viwanja, kutunga sheria, kujenga barabara na kuhimiza mikopo. Nyumba nyingi za umma ziliuzwa, mara nyingi kwa wale waliokuwa wakikaa ndani yake.

Sera ya Taifa ya Makazi ya mwaka 2016 inasema lengo ni makazi yanayofaa kwa watu wote. Inatambua kwamba walio wengi hujijengea wenyewe, kidogo kidogo, na kwamba wakazi wa mijini walio wengi ni wapangaji. Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Miji imekuwa ikitaja upungufu wa nyumba takriban milioni 2.4 nchini kote. Sera yenyewe haina sanduku la fedha linalolingana na upungufu huo. Inaelekeza, lakini hailipi.

Oli iliwahi kujaribiwa

Arua si mgeni katika majaribio ya makazi. Miradi ya kwanza ya kuboresha mitaa duni nchini Uganda ilifanyika Namuwongo mjini Kampala, Masese mjini Jinja, Malukhu mjini Mbale na Oli mjini Arua. Mbinu ilikuwa ileile kwa ujumla: kupima eneo, kufungua njia, kugawa viwanja kwa bei ndogo na kuwasaidia wakazi kujenga kwa mikopo au kwa nguvu zao.

Somo lililojitokeza wazi zaidi lilitoka Namuwongo. Kiwanja kilipopata hati na barabara, thamani yake ilipanda, na wengi waliokusudiwa kunufaika wakauza kwa watu wenye uwezo zaidi na kuhamia mtaa mwingine duni. Mtaa ulinyanyuka, ila maskini waliuacha nyuma. Hatari hiyo ndiyo inayozikabili leo kata za Arua ambako lami imefika.

Mwaka 2010 ulianza mpango mwingine, ukiratibiwa na wizara kwa msaada wa muungano wa kimataifa wa Cities Alliance. Ulihusisha miji mitano: Arua, Jinja, Kabale, Mbale na Mbarara. Safari hii wakazi wenyewe waliwekwa mbele. Vikundi vya akiba vya Shirikisho la Taifa la Wakazi wa Mitaa Duni, vikisaidiwa na shirika la ACTogether, vilihesabu nyumba na watu, vikachora ramani za mitaa yao na kuomba fedha ndogo kutoka mfuko wa pamoja kwa ajili ya vyoo, maji na mitaro. Kila mji uliunda baraza ambamo wakazi wa mitaa duni walikaa meza moja na madiwani na maofisa wa mji.

Mpango huo haukujenga nyumba nyingi. Ulichofanya ni kuonyesha kwamba wakazi wakiwa na takwimu zao wenyewe, mazungumzo na halmashauri hubadilika. Ni vigumu kwa ofisa kusema mtaa fulani hauna watu wakati orodha ya kaya iko mezani.

Fedha za umma zinapita wapi?

Fedha kubwa zaidi za maendeleo zilizoingia Arua katika miaka ya karibuni zilitoka katika mpango wa miundombinu ya manispaa unaojulikana kwa kifupi USMID. Ulianza mwaka 2013 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 150, ukihusisha manispaa 14, Arua ikiwamo. Mwaka 2018 uliongezewa dola milioni 360, ukapanuliwa hadi manispaa 22 na kuingiza wilaya zinazohifadhi wakimbizi. Kila mji ulipata fedha kulingana na alama ulizopata katika mipango, hesabu na ukusanyaji wa mapato.

Fedha hizo zilijenga barabara za lami, mitaro ya maji ya mvua, njia za waendao kwa miguu na taa. Mambo haya si madogo kwa mpangaji. Mtaro mzuri huzuia maji kuingia chumbani, na taa humruhusu mama muuza samaki kurudi usiku bila hofu. Lakini barabara ya lami pia hupandisha bei ya kiwanja kilicho kando yake, na mwenye nyumba huitafsiri bei hiyo katika kodi ya pango. Hivyo fedha zilezile za umma zinaweza kuboresha mtaa na kumwondoa mkazi wake, ikiwa hakuna hatua nyingine inayoambatana nazo.

Utegemezi wa mikopo ya nje una hatari yake pia. Mwezi Agosti 2023 Benki ya Dunia ilisitisha kuidhinisha mikopo mipya kwa Uganda kufuatia sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, na uamuzi huo ulidumu hadi mwaka 2025. Jiji lisilo na mapato yake ya kutosha haliwezi kupanga makazi ya miaka 20 kwa fedha za namna hiyo.

Je, mapato ya ndani yakoje? Jiji hutoza kodi ya majengo, leseni za biashara, ada za soko na za maegesho. Lakini tangu sheria ya kodi ya majengo ya mwaka 2005 ilipofanyiwa marekebisho mwaka uliofuata, nyumba anayoishi mwenyewe mmiliki haitozwi. Kodi ya mapato yatokanayo na upangishaji, ambayo kwa mtu binafsi tangu Julai 2023 ni asilimia 12 ya mapato yanayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, hukusanywa na Mamlaka ya Mapato na kwenda serikali kuu.

Mfano utasaidia. Mwenye nyumba mwenye vyumba vinne, kila kimoja shilingi 60,000 kwa mwezi, hupata shilingi 2,880,000 kwa mwaka. Kiasi kinachotozwa ni shilingi 60,000 tu, na kodi yake ni shilingi 7,200. Mwenye nyumba mdogo wa Oli, kwa hiyo, si mtu wa kuogopwa na mtoza ushuru. Hata hivyo, kile kidogo anacholipa hakirudi moja kwa moja kusafisha mtaro ulio mbele ya mlango wake.

Mkopo wa benki: hesabu ya mwalimu

Sera husema sekta binafsi ndiyo itakayojenga. Sekta hiyo hujenga kwa mikopo, na mikopo ni ghali. Kwa miaka ya karibuni riba ya mikopo ya shilingi katika benki za biashara za Uganda imekuwa ikizunguka asilimia 18.

Tuchukue mkopo wa shilingi milioni 50 kwa miaka 15. Kwa riba ya asilimia 18, marejesho ni takriban shilingi 805,000 kila mwezi, na mkopaji atakuwa amelipa karibu shilingi milioni 145 mwishoni. Mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi wa Daraja la III hukaribia shilingi 500,000. Mshahara wote hautoshi. Hata riba ikishuka hadi asilimia 9, marejesho yatakuwa takriban shilingi 507,000, yaani mshahara wote bila senti ya chakula.

Hesabu hii inaeleza kwa nini watu wa Arua hujenga kama wanavyojenga: matofali ya kuchoma yananunuliwa mwaka huu, mabati mwaka ujao, saruji inapopatikana. Saruji nayo husafirishwa mbali, kwa kuwa viwanda vikuu viko Tororo na Hima, na Arua iko karibu kilometa 500 kutoka Kampala. Mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, ulioanza mwaka 2022 na kutoa shilingi milioni 100 kwa kila parokia kwa mwaka, unakopesha kaya hadi shilingi milioni 1 kwa riba nafuu. Lakini umekusudiwa kilimo na ufugaji, si ujenzi wa chumba wala choo.

Wasiohesabiwa: somo kutoka Koboko

Kilometa zipatazo 55 kaskazini mwa Arua upo mji wa Koboko, karibu na pale mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inapokutana. Watu wa eneo hili wanaujua ukimbizi kwa pande zote mbili. Baada ya kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979, maelfu ya wakazi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire, na walirudi miaka ya 1980 kukuta nyumba zao magofu. Vita vya Sudan Kusini vya Desemba 2013, kisha vya Julai 2016, viliigeuza hali: waliokuwa wenyeji wao wakawa wageni wao.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi. Waliosajiliwa katika makazi kama Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi hupewa kipande cha ardhi na msaada. Lakini wengi huhamia mjini kutafuta shule, hospitali au kibarua, hasa tangu mgao wa chakula ulipoanza kupunguzwa mwaka 2020. Akiwa mjini, mkimbizi hupanga chumba kama mtu mwingine yeyote, hutumia maji na zahanati, lakini katika vitabu bado anahesabiwa kule kambini.

Ruzuku ambazo serikali kuu huzipa halmashauri hutegemea kwa sehemu kubwa idadi ya watu. Mji wenye wakazi wasiohesabiwa hupokea fedha za mji mdogo na kuwahudumia watu wa mji mkubwa. Mwaka 2018 uongozi wa manispaa ya Koboko uliamua kufanya hesabu yake, na ikaonekana kwamba karibu robo ya wakazi walikuwa wakimbizi. Matokeo hayo yaliuwezesha mji kuzungumza na wafadhili, ukiwamo Umoja wa Ulaya, kwa hoja badala ya malalamiko.

Sensa ya taifa ya Mei 2024, iliyohesabu watu milioni 45.9 nchini, ilihesabu watu pale walipolala. Kwa miji ya West Nile, kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba hesabu hiyo mpya inaonekana katika bajeti.

Ardhi ya Ayivu: plani kabla ya bei

Katiba ya mwaka 1995 inatambua mifumo minne ya umiliki wa ardhi, na mmoja wao ni wa kimila. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamruhusu mtu, familia au jamii kuomba cheti cha umiliki wa kimila kupitia kamati ya ardhi ya eneo na bodi ya ardhi. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2010 ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango. Kisheria, basi, mtu wa Dadamu hawezi kugawa shamba lake viwanja 20 bila njia ya gari wala ya maji taka. Kiuhalisia, hufanyika kila siku, na mashahidi ni mwenyekiti wa kijiji na karatasi iliyosainiwa na wauzaji.

Mnunuzi anashauriwa kuzingatia mambo matatu:

• Ardhi ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Mauzo yaliyofanywa na mume peke yake yanaweza kubatilishwa.

• Karatasi ya mauzo iliyopigwa muhuri wa kijiji si cheti cha umiliki. Ni ushahidi wa makubaliano tu.

• Asiye raia, akiwamo mkimbizi, hawezi kumiliki ardhi kwa mfumo wa kimila. Anaruhusiwa kukodi kwa muda maalumu usiozidi miaka 99. Mkimbizi aliyeuziwa kiwanja cha kimila moja kwa moja amelipa fedha, lakini haki aliyodhani ameinunua hana.

Kwa jiji, wakati ndio kitu chenye thamani kuliko vyote. Kutenga barabara na mitaro kwenye ardhi ambayo bado ni shamba hugharimu mazungumzo na mawe ya mipaka. Kuzitenga baada ya nyumba kusimama hugharimu fidia na machozi.

Sheria ya 2022 inampa mpangaji haki gani?

Uganda ilifuta sheria ya zamani ya udhibiti wa kodi ya pango na kupitisha Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022. Imeandikwa kwa Kiingereza, na wapangaji wengi hawajaisoma. Vipengele vinavyowagusa zaidi ni hivi:

• Kodi ya pango hailipwi kwa fedha za kigeni isipokuwa pande zote mbili zimekubaliana. Sarafu ya kawaida ni shilingi ya Uganda.

• Kodi haipandishwi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, au kiwango kingine kitakachowekwa na waziri.

• Mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi lazima uwe wa maandishi.

• Nyumba inayopangishwa lazima iwe inafaa kwa binadamu kuishi.

• Mwenye nyumba haruhusiwi kumfukuza mpangaji bila amri ya mahakama. Kung'oa mlango au kuezua bati ili mpangaji aondoke ni kosa.

Sheria inamlinda pia mwenye nyumba. Asipolipwa, anaweza kwenda mahakamani kudai malimbikizo na kuomba kurudishiwa nyumba yake. Jambo hili ni la haki, kwa kuwa wenye nyumba wengi wa Arua si matajiri. Ni wastaafu na wajane ambao vyumba hivyo vichache ndiyo pensheni yao.

Udhaifu uko kwa mpangaji wa chumba kimoja. Makubaliano yake mara nyingi hayafiki kiwango cha maandishi, na bila karatasi ni vigumu kuthibitisha kodi ilikuwa kiasi gani kabla haijapandishwa. Kwa hiyo ushauri rahisi ndio wenye nguvu: daftari dogo ambamo kila malipo huandikwa tarehe na kiasi, na mwenye nyumba hutia sahihi. Anayelipa kwa simu ahifadhi ujumbe wa malipo. Mgogoro ukitokea, kwa kawaida hatua ya kwanza ni kwa mwenyekiti wa LC1, na baada ya hapo ni mahakama ya hakimu.

Makazi yanayofikika kwa wote

Nyumba nafuu isiyoingilika si nyumba kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Uganda ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020, na tangu mwaka 2019 ina kanuni za ujenzi zinazotaja vipimo vya ngazi za mteremko, milango na vyoo vinavyofikika. Kanuni hizo hutiliwa maanani hasa katika majengo ya umma. Vyumba vya kupanga vyenye choo cha shimo cha pamoja, mbali uani na juu ya kizingiti kirefu, havikaguliwi mara nyingi. Hapa gharama si kubwa: mteremko wa zege, mlango mpana kidogo na mkono wa kushikia. Ofisi inayotoa kibali cha ujenzi inaweza kuvidai kabla jengo halijaanza.

Majirani wamechagua njia zipi?

Kenya ilipitisha Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu mwezi Machi 2024, ambayo inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi na kumtaka mwajiri aongeze kiasi hichohicho. Fedha hupatikana kila mwezi, lakini mjadala haujaisha kuhusu nani hasa atazipata nyumba hizo na kama mwenye kipato cha kubahatisha anaweza kuzimudu. Tanzania imeendelea na Shirika lake la Nyumba la Taifa na ikaunda kampuni ya kuzikopesha benki fedha za mikopo ya muda mrefu ya nyumba. Njia hizi zote mbili huwafikia kwanza wenye mishahara. Katika mji kama Arua, ambako wengi huishi kwa biashara ndogo na vibarua, makato ya mshahara yangekusanya kidogo, na mkopo wa miaka 20 ungewafikia wachache.

Kinachowezekana kwa fedha zilizopo

Arua haitapata karibuni fedha za kujenga maelfu ya nyumba, na pengine haizihitaji ili kuanza. Watu wake wanajenga tayari. Wanachokosa ni vile ambavyo mtu mmoja hawezi kujijengea: kiwanja kilichopimwa mapema, njia na bomba, choo salama, na uhakika kwamba kesho hataamka mlango ukiwa umeng'olewa. Hivyo vyote viko ndani ya mamlaka ya jiji na sheria zilizokwisha kupitishwa.

Kwa msingi huo, wakazi wanaweza kuipima kila bajeti ya jiji kwa maswali manne. Je, imetenga fedha za kupima Ayivu kabla ya wauzaji wa viwanja? Je, imewahesabu wote wanaolala jijini, raia na wakimbizi? Kila barabara inapojengwa, je, wapangaji wa kando yake wamefahamishwa haki zao kwa lugha wanayoielewa? Na je, kodi inayotoka mtaani inarudi mtaani?

Mikutano ya kupanga bajeti za serikali za mitaa kwa kawaida huanza mapema katika mwaka wa fedha unaotangulia, na mapendekezo hupokelewa kuanzia ngazi ya kijiji na parokia. Mpangaji wa Pangisha ana haki ya kuhudhuria mikutano hiyo sawa na mwenye nyumba wake.